Bariadi: Baiskeli moja ya nyumbani na mbio za dunia

Basi litokalo Mwanza likifika Lamadi huiacha barabara kuu iendayo Musoma, hukata kulia na kulipa kisogo Ziwa Victoria. Lango la Ndabaka la kuingilia Hifadhi ya Serengeti liko jirani, na wageni wengi safari yao huelekea huko. Anayekwenda Bariadi bado ana kilomita zipatazo 72 za lami, barabara iliyofunguliwa na Rais John Magufuli Januari 2017. Kulia na kushoto ni mashamba ya pamba, mahindi na mtama, makundi ya ng'ombe, na mbuga za udongo mweusi ambao wakati wa masika hunata kama gundi.

Abiria aliyekaa dirishani akiamua kuhesabu baiskeli, atachoka kabla hajafika Dutwa. Moja imebeba madumu manne ya maji. Nyingine imebeba magunia ya mkaa yaliyopandiana hadi mwendeshaji haonekani kwa nyuma. Yupo mama aliyeketi kwenye keria, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi. Yupo mzee aliyefunga tenga la kuku kwa mpira wa tyubu ya zamani. Wanaokutana njiani huitana bila kusimama: "Mwangaluka!" Jibu hufika wakati magurudumu yameshapishana.

Huo ndio Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni mbili. Wengi wao ni Wasukuma, wakulima na wafugaji, na baiskeli wameizoea tangu enzi za babu zao. Septemba 2025, mashindano makubwa kuliko yote ya baiskeli barabarani yalipofika Kigali, nchi jirani kabisa, ilikuwa haki kwa mtu wa Bariadi kujiuliza swali moja: sisi tunaoendesha kila siku, mbona hatumo?

Jibu lake linaanzia mbali na Kigali. Linaanzia uani, kwenye ukuta ulioegemewa na baiskeli.

Zamu za siku moja

Kaya nyingi za vijijini zina baiskeli moja tu, na baiskeli hiyo ina ratiba kuliko mwenye nyumba. Alfajiri inatangulia kisimani au lambo. Asubuhi inampeleka baba mnadani au kwenye chama cha ushirika kuulizia malipo ya pamba. Mchana inabeba debe la mahindi kwenda mashine ya kusaga. Jioni kijana mkubwa anaitaka akazungukezungukie senta. Katikati ya yote hayo kuna mama mjamzito mwenye siku ya kliniki, na kuna binti wa kidato cha pili ambaye shule yake iko mbali.

Mazungumzo ya usiku katika kaya za namna hiyo yanafanana.

"Baba, kesho tuna mtihani. Naomba niende nayo."

"Kesho ni siku ya kliniki ya mama yako, mwanangu."

"Basi nimpeleke mama kwanza, halafu nipitilize shule."

Baba ananyamaza, anafikiri. Yeye naye alikuwa na safari ya kwenda kumwona shemeji yake. Neno atakalosema baada ya kimya hicho lina uzito kuliko anavyodhani, maana binti asiyepewa baiskeli hutembea kwa miguu, na anayetembea peke yake kwenye njia ndefu huwa anasimamishwa. Wazazi wa kanda hii wanaijua vizuri hadithi ya lifti: leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa simu, na mwisho wa muhula daftari limefungwa na tumbo limeanza kuonekana.

Kwa hiyo pale Bariadi baiskeli ni jambo la afya, la elimu na la heshima ya nyumba, kabla halijawa jambo la michezo.

Pamba ilipoleta magurudumu

Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na historia ya baiskeli usukumani haitenganishwi na zao hilo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa kanda ya ziwa walijenga ushirika wao wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana chini ya shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, na jina la Paul Bomani likavuma kote. Fedha ya pamba ilipoingia mkononi, vitu vya kwanza kununuliwa vilikuwa ng'ombe, bati za kuezekea na baiskeli.

Baiskeli za wakati huo zilitoka Uingereza. Baadaye zikaja Swala, zilizoundwa hapa hapa nchini, na Phoenix za kutoka China, ambazo mpaka leo hazijaisha vijijini. Zote ni za aina moja: fremu nzito ya chuma, gia moja, keria pana nyuma na bomba la juu linalounganisha kiti na usukani. Fundi aliye chini ya mwembe anaitengeneza kwa nyundo, spana, kiraka na solusheni. Masika udongo mweusi ukijaa kati ya tairi na madigadi, mwenyewe hushuka, huokota kijiti na kukwangua.

Kutokana na uimara huo ikazaliwa ajira. Kule Shinyanga, mkoa mama wa sehemu kubwa ya Simiyu, baiskeli za kubeba abiria ziliitwa daladala, na vijana wengi walijenga nyumba na kulipia mahari kwa nguvu za magoti yao. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo, pale ambapo bei ya petroli haishikiki, baiskeli bado inaitwa.

Mkoa wenyewe umewahi kuigeuza kazi hii kuwa sherehe. Mwaka 2019, wakati Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa, Bariadi ilifanya tamasha la Simiyu Jambo. Wanawake na wanaume walishindana kwa baiskeli, wakimbiaji walishindana kwa miguu, na ngoma za asili zikachezwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilishirikiana na mkoa katika tamasha hilo, na ujumbe wa afya ya uzazi ukawafikia watu waliokuja kuangalia nani atatangulia. Usukumani ushindani ni mila. Wagika na Wagalu wameshindana kwa ngoma tangu karne ya 19, na umati ndio huamua mshindi kwa kukimbilia upande uliomfurahisha.

Siku nane za Kigali

Kutoka Bariadi kwenda Kigali siku hizi hakuna kuvuka maji kwa kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya ghuba ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025. Ukishavuka, unapita Sengerema, Geita na Lusahunga, unafika Rusumo, na ng'ambo ya mto Kagera ni Rwanda.

Miezi mitatu baada ya daraja kufunguliwa, kuanzia Septemba 21 hadi 28, Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli ya Barabarani. Yalikuwa ya kwanza kufanyika barani Afrika. Wananchi walijipanga kandokando ya barabara kilima baada ya kilima, watoto juu ya kuta na wakubwa juu ya mapaa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Kwa wanawake alishinda Marlen Reusser wa Uswisi. Kwa wanaume alishinda Remco Evenepoel wa Ubelgiji, taji lake la tatu mfululizo katika mbio hizo. Siku hiyo alimkuta na kumpita njiani Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye alikuwa ameanza kabla yake. Kumpita Pogačar barabarani ni jambo ambalo wachache wanaweza kulisimulia.

Jumamosi, Septemba 27, ilikuwa zamu ya wanawake katika mbio ndefu, kilomita zaidi ya 160. Majina makubwa yalikuwa yakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Magdeleine Vallieres wa Canada, ambaye wengi hawakumtaja kabla ya mbio, hakusubiri. Alitoroka na wachache, akawaacha kwenye mlima wa mwisho wenye mawe, akafika peke yake. Niamh Fisher-Black wa New Zealand alikuwa wa pili, Mavi García wa Hispania wa tatu.

Kesho yake wanaume walipanda na kushuka kwa kilomita 267.5. Pogačar alianza kuwakimbia wenzake zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, na kilomita 66 za mwisho alikwenda peke yake. Evenepoel akafika wa pili, Ben Healy wa Ireland wa tatu. Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Vilima vya Kigali havikuwa na mjomba wala shangazi.

Hakuna Mwafrika aliyepanda jukwaa la medali katika mbio za wakubwa. Lakini bara hili halikwenda pale kama mgeni wa harusi. Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshashinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Kimberley Le Court wa Mauritius, Aprili 2025, alikuwa ameshinda Liège–Bastogne–Liège, moja ya mbio kongwe za Ulaya. Na mwenyeji mwenyewe, Rwanda, miaka 20 nyuma alikuwa nchi ya baiskeli za kubebea viazi na ndizi, kama Simiyu ilivyo ya kubebea pamba na mkaa. Timu ya taifa ilianza kujengwa mwaka 2006 na 2007, na baadhi ya wapanda wake wa mwanzo walitoka kwenye kazi ya kubeba abiria na mizigo. Mwaka 2009 mbio za Tour du Rwanda ziliingia kwenye kalenda ya kimataifa. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London.

Katika safari hiyo Rwanda haikuruka hatua hata moja. Ilichukua watu waliokuwa tayari na miguu, ikawapa baiskeli nyepesi, kocha na tarehe za kushindana kila mwaka.

Uwanja usio na breki

Upo upande mwingine wa mchezo huu ambao watu wa Bariadi wangeutambua mara moja, ingawa Tanzania haina uwanja wake. Ni mbio za uwanjani, ndani ya velodromu. Njia yake kwa kawaida ni ya mbao, mzunguko wa mita 250, na kwenye kona imeinuka kama bati la nyumba. Baiskeli yake ina gia moja tu na haina breki. Pedali hazipumziki: gurudumu likizunguka, mguu nao unazunguka.

Gia moja, bila breki. Kijana wa Simiyu aliyewahi kushuka kilima na gunia nyuma huku akisimamisha baiskeli kwa soli ya kandambili atacheka akisikia hivyo.

Mashindano ya kwanza ya dunia yaliyotambuliwa rasmi, yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, yalikuwa ya uwanjani, na mmoja wa mabingwa wake alikuwa Laurens Meintjes wa Afrika Kusini. Mwaka 1899 huko Montreal, Major Taylor, Mmarekani mweusi, akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi katika zama ambazo kwao alifungiwa milango mingi kwa sababu ya rangi yake. Siku hizi wafalme wa mchezo huo wanatoka nchi kama Uholanzi, ambako Harrie Lavreysen alichukua dhahabu tatu katika Olimpiki ya Paris 2024. Afrika nayo imo: Cairo ina velodromu, na mwaka 2021 ilipokea mashindano ya dunia ya vijana.

Velodromu ni jengo la gharama kubwa, na mkoa wenye uhaba wa madarasa hauwezi kuanzia hapo. Ila ardhi ya sehemu kubwa ya Simiyu ni tambarare, na kijana anayetaka kujifunza kukimbizana kwa gia moja anaweza kuanza kwenye uwanja wa mpira wa kijiji, kamba nne na saa ya simu.

Binti na bomba la juu

Kati ya matokeo yote ya Kigali, lipo moja ambalo halikupata vichwa vikubwa vya habari. Kwa mara ya kwanza wasichana wa chini ya miaka 23 walipewa mbio zao wenyewe katika mashindano hayo. Miaka ya nyuma walikimbia pamoja na wakubwa, na bingwa wao alitafutwa ndani ya kundi hilo hilo. Kigali ikawapa siku yao, mstari wao na jukwaa lao. Célia Gery wa Ufaransa ndiye aliyeufungua ukurasa huo.

Habari hiyo ikifika Bariadi inapata maana nyingine. Msichana wa huku mara nyingi hujifunza baiskeli ya baba yake akiwa mdogo mno kufikia kiti. Anapitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu, anashika usukani akiwa ameinama upande, anapiga pedali nusu mzunguko. Watoto wa kiume hufanya hivyo hivyo. Tofauti huja baadaye. Mvulana akifikisha miaka 15 huambiwa chukua baiskeli ukatafute riziki. Msichana wa umri huo, katika nyumba nyingine, huambiwa sasa wewe ni mkubwa, kaa nyumbani.

Hapo ndipo mbio huamuliwa, kabla ya kocha yeyote hajafika. Mtoto anayeendesha kilomita kumi kwenda shule na kumi kurudi, siku tano kwa wiki, anamaliza kilomita mia kwa wiki. Akifanya hivyo miaka minne ya sekondari, ana miguu ambayo mtoto wa mjini hawezi kuinunua. Na ana cheti. Hata asipoona jukwaa la medali maishani mwake, hajapoteza kitu.

Kilichopo na kinachohitajika

Simiyu ina barabara za lami kwenda Lamadi na kwenda Maswa, ambazo siku za mbio zinaweza kufungwa kwa saa chache. Ina viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi, ambako sherehe za kitaifa za wakulima zimefanyika na umati mkubwa unakaa bila kubanana. Tamasha lilishawahi kufanyika, kwa hiyo wapo wanaojua namna ya kuliandaa. Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, kipo. Miguu ipo, hiyo haina ubishi.

Kinachokosekana kwanza ni mwendelezo. Mbio za mwaka mmoja humpa mshindi zawadi, kisha zinamwacha. Kijana hawezi kufanya mazoezi akingoja tangazo lisilo na tarehe. Baiskeli za mbio nazo hazipo: moja ya kushindania Kigali ina bei ya ng'ombe wengi, na hakuna mzee atakayeuza zizi kwa ajili ya fremu. Hilo ni la vyama, halmashauri na wafadhili. Halafu kuna usalama. Lami imeleta mwendo, na mabasi hayana subira na mtu wa pembeni. Mzazi anayempa mtoto baiskeli ampe pia kiakisi mwanga cha nyuma, amkague breki, amkataze kuongozana wawili wawili barabarani.

Lililobaki liko ndani ya uwezo wa kaya yenyewe. Msimu wa pamba ukifunguliwa na malipo yakitoka, baba na mama huketi kupanga: mbolea, ada ndogondogo, bati, deni la duka. Katika orodha hiyo baiskeli ya pili ina nafasi yake, hata kama ni iliyotumika. Na ikishindikana msimu huu, basi ile moja iliyopo ipangiwe zamu kwa haki, na siku za shule zamu ya kwanza iwe ya yule mwenye njia ndefu zaidi, akiwa wa kike au wa kiume.

Jioni Bariadi hupoa haraka. Moshi wa majiko unapanda, michembe imeloa kwenye sufuria ikingoja kupikwa, ng'ombe wamerudi zizini. Baba aliyeulizwa jana sasa amejibu. Safari ya kwa shemeji imesogezwa hadi Jumamosi. Binti ametoka nje na kitambaa na pampu. Anafuta vumbi kwenye cheni, anabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, anaongeza upepo kidogo kwa sababu asubuhi kuna watu wawili wa kubeba: mama hadi kliniki, na yeye hadi shule.